Madirisha ya Chumba cha Kufulia

Mablanketi ya wodini huletwa asubuhi, yamefungwa kwenye shuka. Mashine ya kukamulia iliharibika kabla ya mvua za mwaka jana, kwa hiyo dobi na wifi yake huyakamua kwa mikono. Mmoja hushika ncha huku, mwingine kule, kila mtu akasokota upande wake.

Dobi ana kisukari. Daktari wa macho, ambaye chumba chake kiko ghorofa ya juu yao, alimwambia presha ya macho yake imepanda na mishipa ya ndani ni dhaifu. Asinyanyue vizito, asibane pumzi. Lakini blanketi lililolowa halikamuliki bila kubana pumzi.

Alipobana, vioo viwili vya madirisha vilivimba kuelekea nje. Alipoachia, vikarudi. Wapita njia walizoea kupitia upande wa pili.

"Taratibu, wifi, utatupasulia dirisha," wifi alimwambia dobi.

"Sokota wewe. Kaka yako alinipendea mikono hii."

"Kaka alipenda macho. Mikono aliijua baadaye."

Walicheka, na vioo vikatetemeka.

Msimamizi alikuja kutazama. Akauliza kama vioo vitaanguka. Kesho yake fundi akafunga wavu wa chuma kwa nje. Kuhusu mashine, kipuri kilikuwa kimeagizwa.

Kisha nyuzi nyekundu zikaota kwenye kioo cha kushoto, nyembamba kama mizizi ya kitunguu. Wifi alijaribu kuzifuta kwa kitambaa, lakini zilikuwa ndani ya kioo. Akaenda kwa msimamizi.

"Mhamishie kwenye pasi. Anapofuka."

"Nani atakamua?"

"Nipe mtu mwingine."

"Mtu hakuna, dada. Mablanketi yapo."

Ijumaa mchana kioo cha kushoto kilivimba, hakikurudi. Kikajaa weusi kutoka chini kwenda juu, kama chupa inayojazwa.

"Umeme umekatika?" dobi aliuliza.

Wifi aliitazama taa. "Hapana, wifi."

Dobi akafunika jicho la kulia kwa kiganja chenye povu, akakaa hivyo kidogo, akalifunua.

"Haya," alisema.

Kabla ya saa ya kutoka, fundi alifunga taa nyingine upande wa kushoto. Msimamizi akaiwasha, akaizima, akaridhika.

Lilikuwa limebaki blanketi moja, lenye muhuri wa wodi ya macho. Wifi akamwekea dobi ncha katika mkono wa kushoto, kwa kuwa upande huo dobi hakuiona ilipo. Wakaanza kusokota. Kioo cha kulia kikavimba.