Aliyeomba Apandishwe Daraja

Watu wote walioingia ukumbi wa baraza la mji asubuhi ile walikuja kulia. Mnoa visu alikuja kulia, fundi viatu alikuja kulia, hata mwenye duka la simenti, na tumbo lake lile, alikuwa amevaa shati lililochanika kwapani kusudi aonekane hana kitu. Ndivyo ilivyo kila mwaka baraza linapopanga ada za biashara. Rasimu inabandikwa ubaoni, watu wanapewa wiki mbili za kuandika pingamizi, halafu siku ya kikao kila mmoja anaitwa asimame aeleze kwa nini apunguziwe. Bi Kola peke yake ndiye aliyekuja kuomba aongezwe.

Bi Kola ni mshonaji, na jina hilo alilipata kwa sababu hakuna aliyemfikia kwa kola ya shati. Ana cherehani tatu. Miaka yote alikuwa daraja la pili, na daraja hilo ndilo lililopandishwa ada mwaka huu, tena si haba. Mume wake alishasema mbele ya mama yake na dada yake, kwa ule upole wake usio na rufaa, "Mwaka jana tumelipa kwa kubanabana. Wakipandisha tena, mke wangu, utafunga duka uje ushonee nyumbani." Kwa hiyo alipokwenda kusoma ubao akajikuta ameshushwa daraja la tatu, lenye ada ndogo kuliko zote, ungetegemea apige vigelegele.

Bahati mbaya, hakuliona jina lake tu. Juu kabisa, daraja la kwanza, aliliona jina la wifi yake.

Huyo wifi ni dada wa mume wake, mtu ambaye Bi Kola mwenyewe alimfundisha kushika mkasi. Alipoiva akafungua duka lake ng'ambo ya barabara, uso kwa uso na mwalimu wake, lenye mlango wa kioo, na mwaka uliopita akaongeza kioo cha kujitazamia, kirefu kuliko mtu. Tangu kioo kile kiingie, Bi Kola hakuwa na raha. Alishona jicho moja kwenye kitambaa, jingine ng'ambo. Alijua nani kaingia, nani katoka, na nani katoka anacheka. Ulikuwa wivu mtupu.

Na wifi naye hakumwonea huruma. "Wifi, umeona ubaoni?" alimwita kutoka mlangoni kwake, akicheka kicheko kikubwa kupita kiasi. "Daraja la kwanza! Sasa mnipigie saluti!"

"Hongera, wifi," Bi Kola alijibu akiuma meno, akaenda moja kwa moja kuchukua fomu.

Fomu ilikuwa imechapwa tayari: *Naomba nipunguziwe ada kwa sababu zifuatazo.* Bi Kola alilikata neno *nipunguziwe*, juu yake akaandika *niongezwe*, akalipigia mistari miwili. Mume wake hakuambiwa. Na mwenye wivu hafanyi hesabu. Alichotaka ni jina lake lipande, liwe jirani na lile jina. Duka likifungwa, lifungwe likiwa juu.

Alipoitwa, mwenyekiti aliisoma fomu, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Mama, hapa umekosea kuandika."

"Sijakosea."

"Unataka tukuongezee ada?"

"Nataka mnipandishe daraja. Ada itanifuata huko huko."

Ukumbi ulivunjika mbavu. "Dada, kama zimezidi tugawie!" akapaza sauti mnoa visu.

"Ndiyo haya sasa!" Bi Kola aligeuka. "Mimi fundi wa miaka ishirini nimewekwa safu moja na wanoa visu!"

"Sasa visu vimekukosea nini, dada?"

Mwenyekiti aligonga meza, akamwomba afisa mapato asome karatasi ya ukaguzi. Afisa akasimama, mtu aliyeipenda kazi yake, akakohoa kidogo. "Mwenye duka hakuwepo. Mlango ulifunguliwa na jirani wa ng'ambo. Cherehani, moja. Jirani alieleza kuwa hapa hushonwa viraka tu."

Viraka! Bi Kola aliona giza. Siku ile ya ukaguzi alikuwa amempeleka mama mkwe hospitali ya macho, mama mzazi wa huyo huyo wifi, na ufunguo akamwachia wifi kwa moyo mweupe. Alimtafuta kwa macho, akamwona safu ya tatu, ameinamia vidole vyake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Bi Kola alisema kwa sauti, ili kila mtu ajue nguo ni ya nani. Ukumbi ukaguna. Utamu wa kumvua mtu nguo mbele za watu ukampanda kichwani. "Mwenyekiti, naomba isomwe na karatasi ya huyo jirani, tulinganishe. Halafu nitawaambia mimi nina cherehani ngapi."

Afisa alifurahi kuombwa. "Kila cherehani naiandikia alama yake," alieleza, "mafundi wasije wakaazimana. Haya. Duka la ng'ambo, cherehani tano. Tatu nyeusi, za umeme. Ya nne ni ya kukanyaga, gurudumu limefungwa kitambaa chekundu. Ya tano haina droo. Hizi mbili nilizikuta chumba cha nyuma zimefunikwa shuka, nikalifunua. Tano na zaidi, daraja la kwanza."

Kitambaa kile chekundu Bi Kola alikifunga yeye mwenyewe, gurudumu lilipomkwaruza kidole. Na ile droo iko nyumbani, mume wake anawekea misumari.

Akaelewa yote mara moja. Wifi alizivusha barabara hizo cherehani mbili, chuma na miguu yake, ili mkaguzi akute moja tu na ada ishuke, duka lisifungwe. Akazificha kwake. Mkaguzi akafunua shuka, naye hakuweza kusema ni za nani, akalimeza daraja la kwanza zima zima, akafunikia kwa kicheko. Jioni akazirudisha. Bi Kola alikumbuka kuikuta ile ya kukanyaga imesogea kidogo, akasema moyoni kwamba wifi kaja kumwibia mitindo.

"Haya, mama," mwenyekiti alisema. "Una cherehani ngapi?"

Akisema tatu, wifi ataitwa mdanganyifu mbele ya mji mzima na ada ya daraja la pili italifunga duka. Akisema moja, mji mzima utajua kwamba Bi Kola ni mshona viraka, na wifi yake ni daraja la kwanza. Wewe ambaye hujawahi kuonea mtu wivu utasema hapo hapana mtihani. Bi Kola alisimama pale mpaka meza ikagongwa mara ya pili. Neno *tatu* lilikuwa ncha ya ulimi, tamu kweli. Akamtazama wifi tena, safari hii vile vidole alivyoviinamia. Kucha ya kidole gumba ilikuwa nyeusi tititi, kama iliyobanwa na chuma. Aliiona wiki zote hizi, kucha ile, na hakuuliza imepatwa na nini.

"Moja," alisema.

"Hatujasikia."

"Moja! Nashona viraka. Niacheni hapo hapo daraja la tatu."

Walicheka mpaka machozi. Mnoa visu akasogea kwenye benchi, akaipigapiga nafasi ya wazi kwa kiganja. "Karibu nyumbani, dada." Bi Kola akakaa.

Alasiri alivuka barabara, mara ya kwanza tangu kioo kile kiingie. Wifi alikuwa anakata kitambaa, hakuinua uso.

"Ada yako hiyo ya daraja la kwanza tutailipa wote," Bi Kola alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekubali?"

Hangekubali, na wote wawili walilijua hilo. Bi Kola akakaa kwenye kiti cha wateja. Alitaka kushukuru, na shukrani ilimkwama, kwa sababu sasa alikuwa anamwonea wifi yake wivu hata kwa wema.

"Na usinifanye mimi malaika," wifi alisema, mkasi ukiendelea. "Ukifunga duka, mimi nitamwangalia nani? Unadhani kioo hicho nilinunulia wateja? Kitazame vizuri kilivyokaa."

Bi Kola alikitazama. Kilikuwa kimewekwa upande. Ukikaa penye cherehani ya wifi, umeupa mlango mgongo, hujioni wewe. Unaona barabara, na ng'ambo ya barabara mlango mdogo wa Bi Kola, wote, mpaka kizingiti. Pale mlangoni mwanamume mmoja alikuwa amesimama anasubiri, shati jipya mkononi, halina kola.

"Una mteja," wifi alisema. Sauti yake ilikuwa na kitu ndani ambacho Bi Kola alikijua vizuri sana.