Diski Iliyojibu Sijambo

Usiku wa kuamkia leo niliota ile diski ya kompyuta aliyoniachia mwanangu Shaibu imeketi sebuleni kwangu, kwenye kochi la wageni, miguu yake haifiki chini.

Ndani ya diski hiyo mna sauti ya marehemu binti yangu, Mwanakombo, akimbembeleza mwanawe Tunu alipokuwa mchanga. Haipo kwingine. Simu iliyoirekodi ilikwisha kufa. Sasa Tunu ni mjamzito, na ameniomba ausikie wimbo wa mama yake, naye apate kumwimbia mwanawe.

"Shikamoo, bibi," ikasema diski.

"Marahaba. Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo."

Shaibu alikuwa kando yetu na kompyuta yake. "Umesikia, mama? Nzima kabisa. Mashine za siku hizi haziumwi ovyo." Akavua viatu kwa adabu, akaondoka kwa kupita ukutani.

Mimi sikuridhika. Ilikuwa imejibu upesi mno. Mtu akijibu hivyo, kuna jambo amelikalia.

Mara sebule imekuwa duka. Mbele yangu amesimama Waranti, ile karatasi ya dhamana ya dukani, amefunga tai, ananukia marashi.

"Wasiwasi wa nini, bibi? Ikifa kabla ya muda wake, tunakupa nyingine."

"Yenye sauti ya Mwanakombo?"

"Hapana. Tupu. Lakini mpya!"

"Hata jeneza huwa jipya," nikamwambia.

Akajikunja mara mbili, akajitia mfukoni mwake mwenyewe. Kiti kimoja cha dukani kiliona nimechoka, kikanisogelea bila kuitwa. Nikakishukuru. Si kila kitu pale kilikuwa kibaya.

Nilipokaa tu, duka likawa ndani ya diski. Sinia kubwa linang'aa, linazunguka kwa kasi ya kutisha. Juu yake kuna kidole chembamba cha chuma, kinasoma bila kugusa.

"Kikigusa?" nauliza.

"Kikigusa, kinakwaruza, na wimbo ndiyo basi tena," linajibu sinia, bila kupunguza mwendo.

"Na unayaweza haya kwa umri wako?"

"Nilikuwa nimelala kabatini, bibi. Miaka mingi hakuna aliyekuja hata kuniamsha. Leo naambiwa nikimbie."

Nikajua hapo pana neno. Kwetu salamu ya kwanza ni ya heshima tu; hata aliyelazwa hujibu hajambo. Habari zenyewe huja baadaye, kwa anayekaa akauliza tena. Basi nikaanza upya, taratibu.

"Hujambo lakini?"

"Sijambo."

"Za tangu tulipoonana?"

"Nzuri."

Nikaishika mkono. Labda ulikuwa waya, sikumbuki vizuri. "Na mwili wenyewe, mwanangu, wauonaje?"

Sinia likapunguza mwendo. Kidole kikaanza kutetemeka.

"Mzuri, bibi. Ila..."

Hilo "ila" ndilo nililokuwa nalingoja.

"Ila nini? Sema, hapa tupo wawili tu."

"Ila nadondosha. Neno hapa, neno pale. Leo nimelitafuta jina la Tunu kwenye wimbo, silioni. Shaibu kanisikia mara moja tu akaondoka, na si adabu kumwanzia mtu habari za maradhi."

"Masikini. Na mwenzio wa kukushikia huna?"

"Sina. Wananiita nakala, bibi. Nakala ya nini, na asili yenyewe haipo? Nilidhani mnajua kwamba niko peke yangu."

Nilitaka kuiomba radhi kwa niaba ya nyumba nzima, lakini ikashikwa na kikohozi kikavu, tk, tk, tk, sinia likayumba, na mimi nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Nikafungua kabati. Diski ilikuwa mahali pake, chini ya mashuka, haijachomekwa popote. Nikaiwekea kiganja.

Ilikuwa ya moto, kama paji la uso la mtoto aliyekesha na homa.

Nikampigia Shaibu kabla hata sijanawa uso.

"Njoo na diski mbili," nikamwambia. "Moja itakaa hapa, moja kwa Tunu. Na uje polepole, usinitikisie hii. Leo tunamhamisha dada yako."