Utabiri wa Bondeni

Astri alikuwa na ombi moja tu Pasaka ile: kibanda cha mlimani kiende kwa wifi yake.

Kibanda kilikuwa cha mama mkwe wake, Borghild. Wakati wa Krismasi bibi huyo alitangaza mezani kwamba magoti yake yamechoka, na kwamba Pasaka atakabidhi ufunguo kwa mmoja wa watoto wake wawili: Torgeir, mume wa Astri, au Gunnvor, dada yake Torgeir. Torgeir alikitaka kibanda kile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, Astri akiwemo. Alipokifikiria aliona jiko la kuni na mapambazuko juu ya ziwa lililoganda. Astri aliona ndoo. Maji yalichotwa kwenye tundu la barafu, na mchotaji alikuwa yeye. Choo kilikuwa nje, kila Pasaka mlango wake ulifukiwa na theluji, na mwenye koleo alikuwa yeye. Kazi ya Torgeir ilikuwa kusimama barazani na kusema hewa ni safi.

Borghild hakusema atawapima watoto wake kwa kipimo gani, na hakuna aliyehitaji kuuliza. Barabara inaishia kwenye maegesho. Kutoka hapo ni kupanda kwa ski, zile mbao ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni kutelezea theluji, na katika ukoo ule utu wa mtu ulijulikana kwa nta aliyopaka chini ya ski zake. Ukipaka inayofaa, ski zinashika theluji unapopanda na kuteleza unaposhuka. Ukikosea, umejiaibisha mbele ya watu. Marehemu baba mkwe aliwahi kumkataa mchumba wa Gunnvor kwa sababu kijana alipaka nta ya bluu siku ya nta ya zambarau. Gunnvor aliolewa na mwingine, akanunua ski zisizohitaji nta kabisa, zile zenye magamba kama ya samaki upande wa chini. Mama yake hakuwahi kuzitaja kwa jina. Aliziita "vile vitu vya Gunnvor".

Torgeir alijiandaa kama anayekwenda vitani. Alitazama utabiri wa hali ya hewa akinywa chai, akiwa chooni, hata kwenye mazishi ya jirani. Alizungumzia upepo kama mtu ambaye upepo humpigia simu kumwomba ushauri. Tatizo lilikuwa moja. Utabiri aliotazama ulikuwa wa kijiji cha bondeni, kwa sababu baba yake enzi za redio alisikiliza utabiri wa kijiji hicho, na wakati huo hapakuwa na mwingine. Siku hizi mlima una utabiri wake, saa kwa saa, na bure. Kwa Torgeir, kuufungua huo ilikuwa sawa na kubadili dini.

"Joto nyuzi nne, jua, theluji ya zamani iliyoyeyuka ikaganda," alitangaza maegeshoni. "Leo ni nta ya tyubu."

Nta ya tyubu inanata kama utomvu wa fenesi. Kwenye theluji kuukuu iliyogeuka barafu, hakuna nta inayoipita. Kwenye theluji mpya yenye baridi, inazoa kila unachokikanyaga.

Astri aligeuka kidogo akafungua simu yake. Utabiri wa mlimani ulisema theluji mpya imeanza kudondoka tangu alfajiri, baridi iko chini ya sifuri, upepo unatoka magharibi. Aliinua macho. Kilele hakikuonekana, wingu lilikuwa limekifunika kama kifuniko cha sufuria. Neno moja tu lingetosha. Alitia simu mfukoni, akafunga zipu. Torgeir alipotaka kumpakia nta na yeye, alimjibu kwa upole kwamba ski zake alishazipaka nyumbani. Kando ya gari, Borghild alikuwa ameinama juu ya ski zake, amewapa wote mgongo, akisugua nta kwa kizibo kama mpishi anayeficha chungu.

Mwanzo wa safari ulikwenda vizuri, jambo lililomharibu Torgeir kabisa. Alitangulia, akatoa mhadhara juu ya watu wasiojua kusoma theluji. Walipovuka miti ya mwisho wakakuta theluji mpya, laini, na mhadhara ukakatika.

Kwanza alirefuka kidogo. Kisha akarefuka sana. Theluji ilijikusanya chini ya ski zake mpaka akawa kama bibi harusi aliyeazima viatu virefu vya mtu mwingine. Alipiga teke, akakwangua, akapiga hatua, akarefuka tena. Watu waliopita na mbwa wao walimsalimia vizuri kisha wakatazama pembeni, na hapo ndipo matusi yalipokuwa.

Gunnvor alimfikia akiteleza juu ya vile vitu vyake. "Kaka, naona umeongezeka kimo. Nitangulie nikachemshe kahawa?"

"Tangulia. Nta inahitaji kuzoea tu."

Astri alimshauri avue ski atembee kwa miguu. Torgeir alisema havui. Alisimama, akatoa tyubu, akaongeza nta nyingine juu ya ile ile.

Borghild aliwafikia, akamenya chungwa, akampa mkwewe nusu. Walisimama wakila na kumtazama Torgeir akipanda kama punda aliyebebeshwa mawe. Chungwa lilikuwa tamu. Astri tayari alikuwa Pasaka ya mwaka ujao, mahali fulani kusini penye jua, katika hoteli yenye choo ndani.

Torgeir alifika wa mwisho, amelowa jasho, ski bado miguuni. Borghild alikuwa ameshafungua mlango, Gunnvor ameshawasha moto, na kahawa iko mezani. Borghild alikunywa kikombe chake taratibu, akavua ufunguo shingoni, akauweka kwenye kiganja cha mwanawe wa kiume.

"Mama," Gunnvor alisema, "mimi ndiye niliyefika wa kwanza."

"Umefika, mwanangu. Hata mbwa wamefika. Huyu amebeba nusu ya mlima miguuni, hakuvua, na hakukubali kwamba amekosea. Ni baba yenu kabisa." Akafuta machozi.

Astri aliweka kikombe chake mezani. Borghild alimsogelea, akashusha sauti.

"Na wewe, mkwe, nilikuona na simu yako. Ulijua."

"Na wewe ulijua, mama."

"Mimi nimejua miaka yote ya ndoa yangu. Unadhani kwa nini napaka zangu nimewapa watu mgongo? Ungemwambia, angepaka inayofaa, angefika kama mtu yeyote, na ufunguo ningempa Gunnvor." Alimpiga mkwewe paja kwa mapenzi. "Lakini ulinyamaza. Nikasema, basi, kibanda kimepata mtu kama mimi."

Karibu na dirisha, Torgeir aliugeuzageuza ufunguo mkononi huku akitazama simu. Utabiri wa bondeni, alisema, unaonyesha jua tupu kesho.

Nje theluji ilizidi kudondoka. Mlango wa choo ulikuwa umefukiwa hadi kwenye komeo. Astri aliinuka, akachukua koleo nyuma ya mlango.