Supu ya Bata Mzinga wa Jana

Mama mkwe wangu hapiki bila kuonja. Anadondosha mchuzi kiganjani, analamba, anakunja uso, anaongeza chumvi, analamba tena. Kiganja hicho hushiba kabla yetu sote! Jana uvumilivu ulinishinda. Mbele ya wageni wa sikukuu nikamwambia jiko hili sasa ni langu. Alitabasamu tu.

Leo nimeamka na mafua, naye kanichemshia mifupa ya bata mzinga aliyebaki, kwa tangawizi na pilipili manga.

"Kunywa ingali moto, mwanangu."

Miaka tisa hajawahi kuniita mwanangu. Supu inanukia vizuri mno. Nimekaa hapa jikoni tangu alipobandika sufuria mpaka alipoepua, na hajaonja hata tone.