Pikipiki ya Fundi Saa

Fundi saa alikuwa na ugomvi na vumbi. Miaka thelathini na mitano ameinamia saa za watu na kioo jichoni, na adui aliyemjua ni huyo mmoja. Kwa hiyo alipoivua turubai pikipiki yake ya ujanani, iliyolala uani miaka kumi na mmoja, kwanza aliihamishia sebuleni, maana uani kuna vumbi. Kisha akaifungua yote, skrubu moja moja, akazipanga kwenye visahani vya chai vya mkewe na kuzisugua kwa mswaki.

Mkewe, mpishi mkuu wa shule ya bweni, hakuwa mtu wa kuchezewa. Alivumilia visahani, akavumilia harufu ya petroli, akavumilia kabureta kulala kwenye kabati la vyombo. Mwezi wa nane uvumilivu ukamwisha.

"Baba Pacha, nimeongea na yule mnunua vyuma chakavu. Jumamosi saa nne anakuja na mkokoteni."

"Mkokoteni wa nini tena?"

"Wa kumbeba mke mwenzangu."

Fundi saa alinywea. Pikipiki hiyo ndiyo iliyompeleka kuposa, na ndiyo iliyowaleta nyumbani siku ya harusi, gauni limepigwa fundo lisiingie kwenye mnyororo. Alimpenda mkewe, aliipenda na pikipiki, wala hakuona kwa nini mtu alazimishwe kuchagua. Wakavutana mpaka chai ikapoa, wakapatana hivi: Jumamosi asubuhi atampakia mkewe hadi kwa dada yake, kule juu mlimani, na kumrudisha kabla ya saa nne. Wakirudi salama, pikipiki inabaki. Wakichelewa, inapanda mkokoteni.

Jumamosi saa mbili na nusu ikawaka kwa kiki ya pili. Mke alikwea nyuma na kofia ya kuazima, amenuna, ameshika chuma cha kiti badala ya kiuno cha mumewe.

"Polepole," akasema walipotoka getini.

Wakapita kiwanda cha matofali. Barabara ilipofunguka, upepo ukaingia kwenye mikono ya sweta lake na kulijaza, akauliza, "Ndiyo mwisho wa mwendo wake huo?" Fundi saa akacheka peke yake, akaongeza moto. Alijiona kijana wa miaka ishirini na tatu mwenye mvi za kuazima.

Mwanzo wa mlima, injini ikakohoa, ikazima.

Akapiga kiki mpaka jasho likamtoka. Baada ya muda ikawaka, ikaenda hadi nguzo ya tatu ya umeme, ikazima tena. Akafungua plagi: safi. Akakagua nyaya: safi. Kila kitu kilikuwa safi kuliko siku kilipotoka kiwandani. Saa yake, ambayo haikuwahi kumdanganya, ilisema ni saa tatu na robo. Akakaa kwenye jiwe, na kama si aibu angelia.

"Mpigie tu mtu wako wa vyuma, Mama Pacha. Nimeshindwa."

Mke akavua kofia. "Petroli ipo?"

"Tele."

"Nione." Akafungua mfuniko wa tangi, na hewa ikaingia kwa nguvu, fyuuu. Akaugeuza mfuniko. "Na hii nta ya nini?"

"Palikuwa na kitundu. Nikakiziba. Si vumbi lingeingia?"

Alilisema kwa fahari. Mke akamtazama, akautazama mfuniko, akaitazama barabara ya kurudi nyumbani kwenye sebule yake. Jikoni kwake hakuna mpishi mgeni ambaye hakufundishwa siku ya kwanza: debe la mafuta hutobolewa matundu mawili, moja la mafuta na moja la hewa, la sivyo mafuta hayatoki. Angeweza kuufunga mfuniko na kunyamaza. Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake, na yeye akachomoa pini kwenye zake, akaichokoa ile nta mpaka mwanga ukapita.

"Umeiziba pumzi, mume wangu," akasema. "Hata wewe ungezima."

Ikawaka kwa kiki ya kwanza, ikaupanda mlima bila kukohoa. Dada mtu alikuwa anaanika nguo. Walimpungia mkono bila kushuka, wakamwacha na shuka mkononi, mdomo wazi.

Walikuwa bado njiani wanashuka simu ilipolia. Fundi saa akapunguza mwendo. Hakuwa na haja ya kutazama saa. Alijua ni saa nne imetimia, na alijua wamechelewa.

"Uko getini?" mke alisema kwenye simu. "Pole kwa usumbufu, kaka. Rudi na mkokoteni wako. Kwetu hakuna chuma chakavu."

Kisha mkono wake ukaachia chuma cha kiti, ukamzunguka mumewe kiunoni, na wa pili ukafuata.

"Hapo mbele usikate kona ya nyumbani," akasema. "Nyoosha."