Harufu ya Sindano Iliyovunjika

Mama aliingiza pua yote ndani ya glasi, futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni, akafumba macho kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani nyuma ya ukuta. Alikuwa fundi cherehani kwa miaka thelathini, na tangu azaliwe pombe haikuwahi kupita kooni mwake. Hata siku ile hakuonja. Alinusa tu. Kisha akainua uso, ncha ya pua imelowa, akatoa hukumu.

"Huyu Shabani wako leo ananuka sindano."

"Chablis, mama."

"Si ndiye huyohuyo? Ananuka sindano iliyovunjika."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinieleza kwamba sindano ya cherehani ikienda kasi ikagonga bamba la chuma, hukatika, na papo hapo hutoka harufu ambayo ukichelewa kuvuta pumzi huipati tena. Si moshi, si kutu. Ni kama kitu kilichotaka kuwaka kikaghairi. Nikaichukua glasi, nikanusa. Ilikuwamo. Kwa miezi miwili nilikuwa nimesoma katika kitabu cha hoteli kwamba mvinyo wa Chablis hunukia jiwe la gumegume lililogongwa, nami nikalikariri neno hilo kama kasuku, maana gumegume sikuwahi kuligonga wala kuliona. Sasa nilijua. Nikafungua daftari, nikaandika upande wa kushoto: gumegume. Upande wa kulia: sindano iliyovunjika.

Udongo nimeusomea chuo kikuu miaka minne. Nilipohitimu niliamini, kwa moyo mweupe wa mtu asiyeijua dunia, kwamba watu walikuwa wakinisubiri niwaambie kilicho chini ya nyayo zao. Hakuna aliyenisubiri. Barua zangu za kuomba kazi zilijibiwa kwa maneno laini, nyingine hazikujibiwa kabisa, na mwaka wa tatu nikavaa shati jeupe na tai nyeusi, nikawa mhudumu wa meza hotelini. Wenzangu walipojua nilichosomea wakanibatiza jina Profesa Udongo. "Profesa, meza ya sita kuna udongo, njoo uufanyie utafiti!" Nikifika nakuta makombo ya mkate.

Halafu likabandikwa tangazo kwenye mlango wa stoo. Hoteli ingempeleka mhudumu mmoja Ufaransa, mwaka mzima, akajifunze mvinyo katika mashamba ya Chablis. Mtihani ungehusu mkoa huohuo: zabibu zake, udongo wake, aina za mvinyo wake. Mwombaji asizidi miaka ishirini na minane. Mimi nilikuwa nimebakiza miezi mitano nivuke mstari huo, na nafasi kama ile haikuwahi kutolewa kabla. Kwangu ilikuwa kufa na kupona.

Nilisoma kama mwenye njaa. Pale hukuzwa zabibu za aina moja tu ya kutengenezea mvinyo huo, Chardonnay, nyeupe, na bado mvinyo wa shamba hili haufanani na wa shamba lile. Tofauti hutoka chini. Miaka milioni mia moja na hamsini iliyopita palikuwa bahari. Bahari ikafa, ikaacha chaza wadogo wasiozidi ukucha wa kidole cha mwisho, na chaza hao wamegeuka mawe ndani ya mfinyanzi na chokaa. Juu ya uwanda, penye chokaa ngumu, hutoka mvinyo mwepesi uitwao Petit Chablis. Ukishuka mteremkoni kwenye chaza, mvinyo hupanda daraja, hadi ule mteremko mmoja unaotazama jua la alasiri, wenye vipande saba vya ardhi na sifa ya dunia nzima. Nilipofika ukurasa unaoeleza jinsi wakulima wanavyowasha moto kati ya mistari ya mizabibu ili baridi isiue machipukizi, nilifunga kitabu nikalia. Kumbe palikuwa na mahali ambapo watu waliamka alfajiri kwa ajili ya udongo.

Tatizo lilikuwa harufu. Kitabu kilizitaja bila huruma: gumegume, ganda la chaza, chokaa iliyolowa, mwaloni. Ningezijua wapi? Basi nikawa naomba jikoni matone yaliyobaki chupani, nayatia katika chupa ya dawa ya kikohozi iliyooshwa mara saba, nampelekea mama wakati wa mapumziko ya mchana. Pua yake ilikuwa na kumbukumbu kuliko kichwa changu. Ganda la chaza, akasema, ni kifungo cha gamba ukikishika kwa meno huku mikono yote iko kwenye nguo. Chokaa iliyolowa ni chaki ya kuchorea suti mvua inapoingia dirishani. Mvinyo uliolala kwenye pipa la mwaloni ni droo ya cherehani ya marehemu mwalimu wake, siku ilipofunguliwa baada ya msiba.

"Na huu wanauita mkavu," nikamwambia siku moja.

"Mkavu?" Akaitikisa chupa, ikalia majimaji. "Waliuanika wapi? Mwanangu, hao waliokuandikia kitabu waliwahi kufua nguo kweli?"

"Maana yake hauna sukari."

"Basi waseme hauna sukari. Wasiniletee ushairi."

Hotelini mpinzani wangu wa kweli alikuwa mmoja tu, dada mhudumu tuliyemwita Kanda, kama ile ya kaseti. Ukimbonyeza alikuwa anasema: orodha ya vyakula, namba za vyumba, siku za kuzaliwa za wageni, bila kukosea nukta. Tulisailiana tukifuta vijiko. Aliposoma daftari langu alijishika mbavu.

"Kaka, wewe mtahini atakupa cherehani na cheti chake."

"Cheka tu. Mimi nikisema neno, nimelinusa."

"Mimi nikisema neno, nimelisema. Inatosha."

Sikumchukia. Nilimwonea huruma, ndivyo nilivyojidanganya. Nilidhani anajenga juu ya mchanga, na mimi juu ya mwamba.

Mtihani ulifanyika saa nne asubuhi katika chumba kidogo cha mikutano, mapazia wazi, meza imefunikwa kitambaa cheupe ili rangi ya mvinyo ionekane. Mtahini alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, mpole, na karatasi ya alama ilikuwa mbele yake. Maswali ya udongo niliyajibu kabla hajamaliza kuyauliza. Aliinua nyusi mara mbili, na mara ya pili alitabasamu. Nikaanza kujiona kwenye mteremko ule, nimechuchumaa, nimeshika donge la chokaa lenye chaza ndani. Mungu anisamehe, nilikwisha kuanza kuchagua maneno ya kumuaga mama.

Zikaja glasi nne, chupa zimefichwa. Ya kwanza nikaitaja. Ya pili nikaitaja. Ya tatu sikuhitaji hata kuionja.

"Chablis, daraja la Premier Cru. Haikulala kwenye pipa. Ina miaka minne, labda mitano."

Akafunua kitambaa kidogo, akachungulia lebo. "Vizuri sana. Na harufu yake?"

"Sindano ya cherehani iliyovunjika."

"Samahani?"

Nikamweleza bamba la chuma, na ule mwako ulioghairi. Nilieleza kwa furaha, kama mtu anayemtambulisha mzazi wake kwa wageni.

"Unamaanisha chuma?"

"Hapana, si chuma. Ni..."

Kidole chake kilishuka polepole kwenye orodha, kikafika chini, kikarudi juu. "Sina hilo hapa," akasema, kwa upole wa muuza duka aliyeishiwa chumvi. "Lina jina jingine? Jaribu. Chukua muda wako."

Nilifungua kinywa. Neno halikuwepo. Nililitafuta kichwani ukurasa kwa ukurasa, na daftari nililiona waziwazi, mstari wa wino na ukingo wa karatasi uliokunjika, lakini upande wa kushoto ulikuwa mweupe. Palikuwa na sindano tu. Nikaruka kwenda kwenye sifa nyingine, nikajisikia nikisema kifungo, kisha meno, kisha chaki ya fundi. Maneno ya kitabu nilikuwa nimeyaelewa mno hata nikayatupa, kama mtu anayevunja ngazi baada ya kupanda juu. Glasi ya nne niliitambua pia. Droo ya cherehani, nikasema, na mtahini akaacha kunitazama, akatazama kalamu yake.

Saa tisa msimamizi wa ukumbi aliniita kwenye korido ya jikoni. Alikuwa na karatasi mbili. Kanda alikosa glasi tatu kati ya nne. Petit Chablis aliiita mvinyo wa ule mteremko mkuu. Lakini maelezo alipata arobaini kwa arobaini. Mimi glasi zote nne, maelezo kumi na moja. Safari ilikuwa ya Kanda.

"Profesa," alisema, akishusha sauti kwa sababu hakuwa mtu mbaya, "pua unayo. Maneno huna. Na huko watu wanalipia maneno."

"Maneno ninayo, mkuu."

"Basi hatuna sisi. Kwa mtihani ni yaleyale."

Nilirudi kufuta vijiko maana kilikuwa kimebaki kikapu kizima. Kanda akaja akasimama karibu nami. Nilitegemea ataringa, na nilitaka aringe, nipate mahali pa kuweka uchungu wangu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kaka, usinicheke," alisema. "Gumegume ni kitu gani hasa?"

Nikamtazama. Hakuwa anatania.

"Ni jiwe."

"Mimi nilidhani ni tunda." Akachukua kijiko, akakifuta ingawa nilikwisha kukifuta. "Na linanukiaje?"

Ningeweza kumwambia. Alikuwa anakwenda mwaka mzima kati ya watu ambao wangemuuliza hilo kila siku, na yeye hakuwa na pa kulishika. Nikamwambia atalikuta hukohuko, nikaondoka na kikapu hakijaisha, na hilo ndilo jambo la siku ile ambalo bado linanichoma kuliko alama.

Nyumbani nilifika jua likiwa bado juu ya mabati. Njiani nilikuwa nimepanga sentensi. Niliipanga ikawa fupi, nikaipunguza tena, hadi yakabaki maneno mawili, "Nimeshindwa, mama," na maneno mawili yale niliyabeba mpaka mlangoni kama maji kwenye viganja.

Mama hakuniacha nikae. Juu ya meza ya kukatia palikuwa na kitambaa kizito cha rangi ya majivu ambacho sikuwahi kukiona, kimekwisha kukatwa, mabega yameunganishwa kwa uzi wa muda. Alikuwa ameona kwenye kitabu changu picha ya mizabibu iliyofunikwa barafu.

"Simama hapo. Nyosha mikono, baba."

Nikanyosha. Akanivika lile koti nusu, akaanza kuzunguka mwilini mwangu na pini kinywani, akizungumza kwa upande mmoja wa mdomo.

"Waliuliza harufu?"

"Waliuliza."

"Ukasema ile yetu?"

"Nilisema."

Akasimama. Akazitoa pini mdomoni, zote kwa pamoja, akazishika kiganjani. Sikuwahi kumwona akiacha kazi katikati ya mshono. "Neno langu mimi? Mbele ya wale wasomi? Wakafanyaje?"

Dirishani, chembe za vumbi la kitambaa zilikuwa zikielea kwenye mwanga.

"Waliandika," nikasema.

Alinipa mgongo kidogo, akajifanya anatafuta mkasi, na mkasi ulikuwa mkononi mwake. Aliporudi alinipima mkono wa kushoto kutoka begani hadi kifundoni, akapima tena, kama anayehofia kwamba nimerefuka.

"Kitambaa kizito hiki, lakini baridi ya kule siijui," alisema. "Niongeze bitana?"

Mikono yangu bado nilikuwa nimeinyosha.

"Ongeza, mama."