Kimya Baada ya Jina

Hebu fumbeni macho kidogo, watoto, muone meza ya mbao iliyolowa maji, tilapia mmoja mnene amelala juu yake kama mgeni aliyechoka na safari, kisu kinapanda kutoka mkiani, magamba yanaruka na kutua kwenye viatu vyangu vya ofisini... ndivyo ningeanza kama bado ningekuwa na darasa mbele yangu, sina, nina radio nzima na watu wake, lakini kichwa changu hakijapata habari hiyo, kila nikisimama mahali bila kazi kinaanza kufundisha, mume wangu Kambere husema Apolline wewe hata usingizini unashika chaki, na leo nimesimama hapa Kituku, soko la samaki kando ya ziwa, beseni mikononi, mkoba begani, nangoja samaki wangu, na sina haraka, jua limetoka lakini bado halijakasirika, ziwa limetulia, mitumbwi imerudi na sambaza, vidagaa vyetu, na mimi nimerudi juzi kutoka mafunzo ya wakurugenzi wa radio Dakar, ambako hoteli ilikuwa na lifti inayoongea, inakutajia ghorofa kwa sauti ya kike, nami siku ya kwanza nikaijibu merci, mkurugenzi mmoja wa kutoka Bénin akacheka mpaka mlango ukafungwa tena na tukapanda mpaka juu bure... samaki wa kule ni wazuri, sisemi ni wabaya, lakini hawakuparuliwa na mtu anayejua mume wangu anapenda nini.

"Mama Directrice, kichwa nakikata ao naacha?" Mama Faida ananiuliza bila kuinua macho. "Acha, Kambere anapendaka kichwa." "Ee, banaume! Banapendaka kichwa ya samaki, kichwa ya bibi yao hawaisikilizake," na meza ya pili Fatouma anacheka, yule mwembamba anayekausha samaki kwa moshi, nami nacheka pia, kicheko kinanishukia mpaka tumboni, kumbe hiki ndicho nilichokosa kule, si chakula, ni kuchekwa na watu wanaonijua... na simu inatikisika tena ndani ya mkoba, najua ni Guylain, fundi wetu, ameniandikia tangu asubuhi neno lile lile, Directrice, tuache hivi moja kwa moja? kwa sababu kamati ya radio inakaa leo saa sita na inangoja neno langu, nikisema ndiyo mashine inabaki, nikisema hapana wataniuliza basi Dakar ulienda kufanya nini, nami mikono yangu ina beseni, kwa hiyo nasema moyoni ngoja, Guylain, samaki kwanza.

Mashine si mashine, ni programu tu ndani ya kompyuta, nilirudi nayo kutoka Dakar kama wengine wanavyorudi na vitambaa, mkufunzi wetu, bwana mmoja mpole wa shati iliyopigwa pasi vizuri, alituchorea ubaoni mstari mrefu, katikati akachora shimo, akasema kimya hewani ni shimo, msikilizaji akitumbukia humo hatoki upande wenu, anatokea kwa jirani, na sisi wakurugenzi wote tukaandika, mimi pia niliandika, nilipenda namna alivyoshika chaki... na programu hiyo inasikiliza matangazo na kuziba mashimo, mtu akinyamaza kidogo inakata, inaweka muziki wetu mfupi wenye jina la radio, twende mbele, Guylain alifurahi kama mtu aliyepewa pikipiki mpya, jana akaniuliza tujaribu na komunike za asubuhi, matangazo ya watu ya vifo na vilivyopotea, nikasema jaribu, na Charline, msomaji wetu, akarekodi jioni, akaenda zake mapema kwa mara ya kwanza sijui tangu lini, akasema Mama, leo nitapika mwenyewe.

Na hizo komunike ndizo ninazozisikia sasa, redio ndogo ya Mama Faida imetundikwa kwenye msumari juu ya meza, waya umefungwa kwenye mti wa kibanda, sauti ya Charline inatoka humo safi, nyepesi, familia fulani ya Mabanga inawatangazia ndugu wa Butembo na Beni kwamba mzee wao amefariki, kilio kiko nyumbani... muziki... mwenye mbuzi wa kike mwenye sikio lililopasuka aende kwa chifu wa avenue... muziki... na kweli inakwenda, nasikia mwenyewe, haichechemei, kama maji kwenye mfereji, na ninajisifu kidogo, mkurugenzi wa radio amesimama sokoni na hakuna anayejua kwamba kazi inayopita juu ya vichwa vya samaki ni yake, na mara Mama Faida anasema, "Leo radio yenu iko inatembea muzuri, haikwame-kwame tena." "Ilikuwa inakwamaka?" "Kila siku, mama! Banataja mutu, mara kimya. Mi najua bateri imekwisha, naipiga kofi, naipiga tena, inarudi. Bateri nimetupa hapa, tukizipanga zinafika Bukavu!" Na Fatouma, "Iko anaipiga kama mutoto wa bibi mwengine," na wanawake wa meza za nyuma wanapiga makelele, lakini kimya kile si bateri, Mama Faida, kimya kile ni changu.

Nilikiweka mimi, mwaka ule mlima ulipotapika moto na watu wakakimbia usiku, wengine Sake, wengine ng'ambo ya mpaka, watoto wakatawanyika kama mchele uliomwagika, tukaanza kusoma majina yao redioni, Charline alikuwa mpya, alisoma mbio mbio kama anayepita karibu na mbwa, nikamwambia hapana, mwanangu, soma kama mwalimu asubuhi, ita jina, inua macho, ngoja... akaniuliza ningoje nini, Mama, hakuna anayeweza kunijibu, nikasema ngoja tu, kwa sababu sikuweza kumweleza habari za Nyiramahirwe, msichana wangu wa madawati ya nyuma, shule ya Mabanga, darasa la pili, aliyekuwa na kigugumizi, nikiita jina lake neno présent, yaani nipo, lilikwama kooni, midomo inafanya p, p, p, na wenzake siku za kwanza walicheka, kisha wakaacha kucheka, kisha wakaanza kuvuta pumzi pamoja naye, darasa zima, vifua vinapanda, kalamu yangu iko juu ya daftari haigusi, na nje mtu anasukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, kwenye mawe ya lava, kra kra kra, hata sauti ile nadhani ilikuwa inangoja, mpaka neno litoke... présent... na darasa zima linashusha pumzi kama watu waliotua mzigo, tukaenda kwa jina linalofuata, hakuna somo nililofundisha vizuri kuliko lile, wala halikuwa kwenye ratiba. Lakini sasa angalieni, watoto, mwalimu wenu amechanganyikiwa, kwa sababu kile alichokiona ni kizuri, huyu mama amekuwa akikipiga makofi miaka yote hii, akidhani bateri, na kama wenye kusikiliza wanasema leo ni afadhali, basi ni afadhali, radio si ya mwalimu, ni ya wasikilizaji, mkufunzi wa Dakar alisema hilo pia na nililipigia mstari... sawa, Guylain, sawa, nikipata mkono mmoja nitakujibu acha hivyo hivyo, na moyo wangu hauumi sana, unauma kama kiatu kipya, utazoea.

"...mutoto mwanaume ameokotwa jana soko ya Munigi, iko kwa Mama Twagirimana karibu na kanisa, amekula, amelala, hana ugonjwa, anasema mama yake anauzaka samaki, jina yake ni Us..." na muziki wetu unaingia, pa-pa-paa, jina la radio, na Charline tayari yuko kwa mkutano wa wazazi wa shule. "Nani?" Fatouma anauliza. Kisu cha Mama Faida kimesimama katikati ya ubavu. "Amesema nani?" "Asani?" "Hapana, Useni." "Mi nimesikia Musa." "Musa! Masikio yako balikupa bure?" na hakuna anayecheka safari hii, mama anauza samaki, wamesema, anauza samaki, na hapa nani hauzi samaki, naona nyuso zao, kila mmoja macho yamekwenda nyumbani, anahesabu watoto aliowaacha, na mwingine ana dada anayeuza Munigi, na mwingine ana jirani, na mimi, mkurugenzi, mwenye radio, sikusikia jina, mashine imekiwahi kimya cha Charline, muziki wangu umelifunika kama mtu anayefunika chungu kabla hakijachemka... "Unaona," Mama Faida anaiambia redio, "siku zote nakupiga, na siku moja ya kukupiga umekimbia," kisha ananigeukia mimi kana kwamba mimi ni mtu tu, anasema, "Ingekwama kidogo tu! Ikikwama naipiga, nalalamika, nasema we, imetaja Useni imezima, na bale ba chini banasema nani, Useni, nani, Useni, mpaka jina inafika ku mitumbwi," na anarudi kwa samaki, anavuta kisu, lakini polepole.

Mpaka mitumbwi... nimeangalia njia hiyo, kutoka meza hii mpaka ile, mpaka wale wanaoosha sambaza, mpaka mchanga, mpaka mtu anayefunga kamba, kila siku majina yameteremka humo na mimi sikujua, nilidhani Charline anangoja bure kwa heshima tu, nilidhani kimya ni mahali pa msikilizaji kuvuta pumzi, kumbe ndani yake kulikuwa na kofi na matusi ya bateri na kelele za wanawake, darasa zima lilikuwa linajibu, présent, présent, kwa njia yao... "Mama Faida, nishikie beseni." "Samaki bado, mama." "Najua. Nishikie tu." Simu iko chini ya kila kitu, chini ya miwani, chini ya kadi ya hoteli ya Dakar niliyosahau kurudisha, na Guylain anaitika kabla haijalia vizuri. "Directrice! Tunaacha?" "Zima ile kitu, Guylain." "Yote?" "Kwa komunike, yote. Muziki itumie mahali pengine, nitawaeleza kamati mwenyewe. Charline iko wapi?" "Ku kiwanja, anakunywa chai." "Aache chai. Aingie, mikro wazi, asome tena ya mutoto wa Munigi. Jina, na anyamaze." "Anyamaze muda gani?" "Yeye anajua." Namsikia akikohoa, anataka kuniambia kuhusu mashimo, ni kijana mwema, nilimpa mwenyewe karatasi za mkufunzi azisome, kisha anasema, "Sawa, Mwalimu," hakusema Directrice, na sijui kama amejisikia.

Sasa ni kungoja Charline avuke kiwanja, namwona bila kumwona, kandambili zake, kikombe amekiacha juu ya ukuta, anafunga kitenge vizuri kama anayeingia kanisani, na hapa kisu kinaendelea, kraa, kraa, samaki hajamalizika hata upande mmoja, magamba yanaendelea kunijia viatuni na mimi siyapangusi, kamati itauliza, nitasema Dakar nilijifunza mengi na mengine nitayatumia, nitawaambia kuhusu lifti kwanza ili wacheke, ni watu wazuri wakishacheka... wimbo redioni umekatwa katikati, mlango wa studio umelia, ule mlango tunaosema kila mwezi tutautia mafuta, na sauti ya Charline, karibu, na pumzi yake ndani, "Tunarudilia komunike. Mutoto ameokotwa Munigi, iko kwa Mama Twagirimana karibu na kanisa, anasema mama yake anauzaka samaki. Jina yake ni Useni."

Na kimya. Nasikia maji yakipiga mbao za mitumbwi, Mama Faida amesimamisha kisu, anaitazama redio, mkono wake wenye magamba unapanda taratibu, paa! anaipiga kofi, "We! Imesema Useni, imezima tena!" na Fatouma anapokea, "Nani?" "Useni! Wa Munigi!" na meza ya nyuma, "Useni," na wanaoosha sambaza, "Useni, banasema Useni," na jina linateremka mbele ya macho yangu, linapita mabeseni, linapita watoto wa shule waliosimama kuangalia, linafika mchangani, na Charline bado amenyamaza, mwanangu, ngoja, ngoja tu, mpaka kutoka chini kabisa, kule kwenye mitumbwi, sauti ya mwanamke inapanda, ina woga, inauliza, "Useni wa nani?" ... na wanawake wote hapa juu wamevuta pumzi, nami nimeivuta pamoja nao, beseni langu liko mikononi mwa mtu mwingine, samaki wangu yupo nusu, na kama mngekuwa hapa, watoto, na kama mngeweza kukumbuka jambo moja tu katika yote mwalimu wenu aliyowahi kuwaambia, basi nawaomba liwe hili: ukishaita jina la mtu, usiende kwa jingine bado, inua macho, ngoja kidogo.